Mtoto wa mbwa anapouma: mfundishe mapema, na jeraha usilifiche



Bilpam, hapa Juba, inajulikana na wengi kwa sababu ya makao makuu ya jeshi. Lakini kuzunguka eneo hilo, kama ilivyo katika kambi na mitaa mingine ya mji huu, wanaishi watu wa kawaida: waliorudi kutoka Kakuma na Uganda, waliokimbia mapigano ya Desemba 2013 na yale ya Julai 2016, na wengine waliokuja kutafuta riziki. Familia nyingi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Ukuta wa turubai au mabati haumzuii mwizi, lakini mbwa akibweka usiku jirani wote wanaamka.

Mbwa huyo huletwa nyumbani akiwa mdogo. Watoto humfurahia na kumbeba huku na huko. Haipiti wiki, anaanza kuuma vidole, visigino na nguo. Hapo ndipo makosa hutokea. Wengine humpiga. Wengine hucheka na kumwachia, wakisema atakuwa mkali, atalinda vizuri. Na mtoto aliyechubuliwa na jino dogo hunyamaza, kwa kuogopa kugombezwa au kwa kuogopa kwamba rafiki yake mbwa atauawa.

Kunyamaza huko ndiko kunakotutia hofu zaidi. Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kumfundisha mtoto wa mbwa asiume, na la kufanya siku jino lake litakapopasua ngozi ya mtu.

KWA NINI ANAUMA?

Mtoto wa mbwa anayeuma si mkorofi wala hana pepo. Anaota meno. Meno yake ya utoto, 28 kwa jumla, huanza kutoka akiwa na umri wa wiki 3 hivi. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne huanza kung'oka, na kufikia mwezi wa saba huwa amepata meno 42 ya ukubwani. Muda wote huo fizi zinamwasha, naye hutafuta kitu cha kutafuna.

Sababu ya pili ni mchezo. Watoto wa mbwa hucheza kwa kuumana. Mmoja akiuma kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha kucheza naye. Kwa njia hiyo hujifunza kupunguza nguvu ya taya. Aliyetengwa na mama yake akiwa na wiki 4 au 5 hakupata somo hilo. Kwa hiyo, usichukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza wiki 8, hata kama mwenye mbwa anakuharakisha.

Sababu ya tatu ni uchovu na njaa. Mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya mchana na usiku. Akisumbuliwa juani kutwa nzima bila kulala, jioni atauma kila kinachosogea.

AKIUMA, FANYA HIVI

1. Simama tuli. Usivute mkono kwa haraka, maana kitu kinachokimbia humfanya akifukuze.

2. Sema "Aa!" mara moja kwa sauti nzito, bila kupiga kelele. Watoto wakipiga mayowe na kurukaruka, yeye hudhani mchezo umenoga.

3. Acha kucheza naye. Mgeuzie mgongo au ondoka kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja. Kwake, kunyimwa mchezo ni adhabu tosha.

4. Ukirudi, mpe kitu anachoruhusiwa kutafuna: kitambaa kikuukuu kilichofungwa mafundo, au kipande cha kamba nene. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma koo au tumbo.

5. Rudia hivyo kila anapouma, na watu wote wa nyumbani wafanye vilevile. Baba akikataza na kaka akamchezesha kwa mikono, mbwa hataelewa lipi ni lipi.

Usimpige, usimfinye mdomo, wala usimpigie kelele usoni. Mbwa anayepigwa hajifunzi kuacha kuuma, anajifunza kuogopa mkono. Mbwa mwenye woga huuma bila kutoa onyo, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto aliyenyoosha mkono kumpapasa.

MANENO MATATU YA KUANZIA

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mafunzo yanaweza kuanza mara mtoto wa mbwa anapofika nyumbani, akiwa na wiki 8. Huhitaji mwalimu wala vifaa. Unahitaji dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajala, pamoja na vijipande vidogo vya chakula: donge la asida, kipande cha kisra au samaki mkavu. Kijipande kiwe kidogo kama punje ya hindi. Katika kambi chakula ni cha mgao, kwa hiyo punguza kiasi hicho kutoka kwenye chakula chake mwenyewe.

Chagueni lugha moja. Kama nyumbani mnasema Kiarabu cha Juba, mwiteni kwa "taal". Kama mnasema Kiswahili, iwe "njoo". Msichanganye.

"Kaa." Shika kijipande mbele ya pua yake, kisha kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa chake. Akifuata kwa macho, matako yatashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema "Kaa" na umpe palepale. Ukichelewa, hatajua amepewa kwa lipi.

"Njoo." Chuchumaa, mwite kwa jina, sema "Njoo". Akifika, mpe na umsifu. Kamwe usimwite ili umchape. Mbwa aliyechapwa baada ya kuitwa hatakuja siku atakapohitajika kuja.

"Acha." Ficha kijipande ndani ya ngumi. Atanusa, atalamba, atakwaruza. Ngoja. Sekunde ile anayorudisha pua nyuma, sema "Acha" na umpe kijipande kingine kwa mkono wa pili. Hili ndilo neno litakalokusaidia atakapokamata kiatu cha mgeni au gauni la mtoto.

Mbwa aliyefundishwa haachi kulinda. Atabweka usiku kama kawaida. Tofauti ni kwamba atatii ukimwambia aache. Wiki za mwanzo, hadi anapofikisha miezi 3 hivi, mzoeshe pia kuona watu wa namna mbalimbali: wazee wenye fimbo, wanawake waliobeba ndoo kichwani, watoto wa shule, bodaboda. Mbwa aliyefungwa kamba mahali pamoja kutwa nzima bila kuona watu huwa hatari zaidi.

WATOTO NA MBWA

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mbwa mdogo namna gani. Wafundisheni watoto mambo manne: usimguse mbwa anayekula, usimguse anayelala, usimvute mkia wala masikio, usimkimbie mbwa usiyemjua. Akikujia mbwa mgeni, simama kama mti, mikono chini, usimtazame machoni. Ukianguka, jikunje na ufunike masikio na shingo kwa mikono.

La tano ni hili, nalo ni kwa wazazi: mtoto akikwambia ameumwa, usimgombeze. Mshukuru kwa kusema.

JINO LIKIPASUA NGOZI

Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, kupitia jeraha, mchubuko, au mate yakiingia machoni au mdomoni. Inakadiriwa kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 4 kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu huzuilika. Chanjo yake ilitolewa kwa mtu mara ya kwanza na Louis Pasteur nchini Ufaransa, tarehe 6 Julai 1885, kwa mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Mtoto huyo alipona.

Hapa nchini hili si jambo la mbali. Katika miaka ya 2023 na 2024, kambi ya Bentiu katika jimbo la Unity ilishuhudia ongezeko kubwa la watu walioumwa na mbwa, na wengine walikufa.

Usidanganywe na udogo wa mbwa. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa, hasa kama aliumwa na mbwa mwingine au hujui alikotoka. Mtu akiumwa au akikwaruzwa:

• Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tunajua maji ni ya foleni. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha jerikani, uinamishe, maji yachirizike polepole. Dakika hizi 15 ni sehemu ya tiba, si usafi tu.

• Paka ayodini au spiriti kama ipo. Usipake majivu, pilipili, mafuta wala dawa ya meno. Usilifunge jeraha kwa kulikaza.

• Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mhudumu ataamua kama unahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Chanjo ya kichaa hutolewa kwa awamu. Maliza awamu zote, hata kama jeraha limepona. Dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi 2 au 3, lakini zinaweza kuja baada ya wiki moja au zikachelewa hadi mwaka.

• Usimuue mbwa ikiwa anaweza kufungwa salama. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiugua, akibadilika tabia, akidondosha mate, akipepesuka au akifa, mjulishe mhudumu haraka. Lakini usingoje siku hizo 10 ziishe ndipo uende kituoni.

CHANJO YA MBWA

Mafunzo hupunguza kuuma, lakini hayazuii kichaa. Mtoto wa mbwa achanjwe anapofikisha miezi 3, kisha arudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Timu ya chanjo ikija kambini, peleka mbwa wote, hata wadogo zaidi ya hapo. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mfano upo kisiwani Pemba, Tanzania. Kichaa cha mbwa kiliingia tena kisiwani mwaka 2016, mbwa wakachanjwa, na kufikia mwishoni mwa 2018 kilikuwa kimetokomezwa.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Mbwa wangu amechanjwa, naye amemchubua mwanangu. Nifanye nini?
Osha jeraha kwa dakika 15 na umpeleke mtoto kituoni pamoja na kadi ya chanjo ya mbwa.

Alimlamba tu mtoto mkononi, ngozi haina jeraha. Je?
Nawa kwa sabuni na maji. Kama kuna mchubuko, au mate yameingia mdomoni au machoni, nenda kituoni.

Sisi hatufugi mbwa. Yanatuhusu?
Ndiyo. Mbwa wa jirani hupita kwako, na mtoto wako hupita kwake.

KUMBUKA: mfundishe mbwa angali mdogo, mchanje, na usifiche jeraha lolote la mbwa. Leo jioni waulize watoto wako kama kuna aliyeumwa wiki hizi. Akiwepo, mpeleke kituo cha afya, hata kama siku zimepita.