Jeti Kwanza, Roketi Baadaye: Hesabu ya Kupaa Hadi Obiti

Katika mchezo wa kompyuta wa Kerbal Space Program, uliotolewa kwa umma mwaka 2011 na kampuni ya Squad ya Mexico, mchezaji huunda chombo chake mwenyewe, akakirusha na kukiongoza kwa kanuni za kweli za fizikia. Mtihani mmoja huwatoa jasho hata wazoefu: kuunda ndege itakayokimbia uwanjani kwa magurudumu, ifike kwenye obiti na kurudi ikiwa nzima, bila kudondosha tangi wala injini njiani. Wengi hukwama kwa sababu wakishaiacha ardhi tu, huelekeza pua mbinguni.

Kimo peke yake hakimfikishi mtu kwenye obiti. Angahewa ya Kerbin, sayari ya mchezo huu, huishia kilomita 70 juu. Chombo kilichosimama kwenye kilomita 80 kitaanguka kama jiwe. Ili kisianguke, ni lazima kiende mlalo kwa takriban mita 2,280 kila sekunde. Hapo kitavutwa chini kama kawaida, lakini ardhi nayo itakuwa inapinda chini yake kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo swali la mpangaji safari ni hili: kasi hiyo nitaipataje kwa mafuta machache kabisa?

Roketi hubeba mafuta na kioksidishaji cha kuyachomea. Katika matangi ya mchezo huu, asilimia 55 ya uzito wa shehena hiyo ni kioksidishaji. Jeti huvuta oksijeni yake hewani. Injini iitwayo Rapier, ambayo hufanya kazi zote mbili, hutumia mafuta kwa ufanisi unaozidi mara kumi inapovuta hewa kuliko inapogeuka roketi. Msafiri anayepita penye visima hafungui kibuyu chake. Hukitunza kwa ajili ya jangwa.

Faida ya kuvuta hewa inahesabika kwa kanuni aliyoichapisha Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903. Roketi isiyo na jeti inayotoka uwanjani huhitaji uwezo wa kubadili kasi wa takriban mita 3,400 kwa sekunde. Kwa Rapier ikiwa roketi, mafuta na kioksidishaji vitakuwa kama asilimia 68 ya uzito wote. Sasa tuseme jeti zimekufikisha mita 1,500 kwa sekunde. Mzunguko wa sayari wenyewe unakuongezea 175 ukiruka kuelekea mashariki. Pengo lililobaki ni mita 600 hivi. Tukiongeza akiba ya ukinzani wa hewa na mvutano, tuseme 900. Sehemu ya roketi inashuka hadi asilimia 26. Nafasi iliyookolewa ndiyo inayobeba mabawa, magurudumu na mzigo.

Basi safari hupangwa hivi. Ruka kuelekea mashariki. Karibu na kasi ya sauti ukinzani wa hewa hupanda ghafla, na ndege nyingi hukwama hapo. Laza pua, au hata uishushe kidogo, mpaka uvuke. Baada ya hapo msukumo wa Rapier huongezeka kadiri unavyokwenda kasi. Panda taratibu, kisha tulia kwenye kilomita 20 hivi, ambako hewa ni nyepesi kiasi cha kupunguza ukinzani lakini bado inatosha kulisha injini. Hapo ndipo pa kukaa na kujenga kasi.

Kuwasha roketi kunataka subira. Ukiwahi, unamwaga kioksidishaji wakati hewa ya bure ingalipo. Ukichelewa, jeti hula mafuta bila kuongeza kasi huku joto likikaanga mabawa. Tazama kipimo cha kasi: kikikaribia kuganda, inua pua kiasi na uwashe. Kilele cha njia yako kikifika kilomita 80, zima injini, uelee hadi huko, kisha umalizie kwa msukumo mfupi.

Kanuni ya mashariki haiko mchezoni tu. Kwenye ikweta dunia yetu huzunguka kwa mita 465 kwa sekunde, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowaleta Waitalia kujenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya. Hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970.

Kwa jeti, hata hivyo, dunia ni ngumu kuliko Kerbin. Obiti ya chini hapa inadai mita 7,800 kwa sekunde. Zile mita 1,500 za jeti, ambazo Kerbin ni karibu theluthi mbili ya kasi inayotakiwa, hapa hazifiki hata moja ya tano. Kampuni ya Uingereza ya Reaction Engines ilihangaika na injini ya namna hii, SABRE, kwa miongo kadhaa. Mwaka 2019, huko Colorado, kipoza hewa chake kilifaulu kuhimili joto la hewa ya kasi mara tano ya sauti, takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi. Fedha zikakauka, na Oktoba 2024 kampuni ikawekwa chini ya wafilisi. Hadi leo hakuna chombo kilichotoka ardhini hadi kwenye obiti ya dunia bila kuacha sehemu yake njiani.