Selimundu: Kijana Asiachwe Njiani

Inakadiriwa kwamba kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, na kwa miaka mingi wengi wao walizikwa kabla ya kutimiza miaka mitano. Hali hiyo imeanza kubadilika, na mabadiliko yenyewe yameleta swali jipya: mtoto aliyeokolewa, akifikia umri wa kuondoka kliniki ya watoto, anapokewa na nani? Hoja yangu ni kwamba ubingwa wa tiba ya watoto haujakamilika hadi uvuke miaka ya balehe na kumkabidhi kijana mikononi mwa daktari anayemfahamu.

Kinachowaokoa wadogo hakihitaji mitambo ya bei kubwa. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu hukakamaa na kuziba mishipa midogo, na kiungo kinachoumia mapema ni bandama, ambayo huchuja vijidudu kwenye damu. Ikishaharibika, homa ya asubuhi inaweza kuwa msiba wa jioni. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku hupunguza maambukizi makali ya vijidudu hivyo kwa asilimia 84. Huko Jamaika wazazi walifundishwa kumlaza mtoto chali na kupapasa chini ya mbavu za kushoto kwa ncha za vidole. Wakikuta bandama imevimba ghafla, damu imekwama humo, na safari ya hospitali haingoji kesho. Vifo vya tatizo hilo vilishuka sana. Kisha ikaja haidroksiyurea. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliwapa dawa hiyo watoto wa mwaka 1 hadi 10. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, vifo vikapungua, na malaria, ambayo ilihofiwa ingeongezeka, nayo ikapungua kwa karibu nusu.

Sasa tazama kinachofuata. Huko Dallas, Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto 940 waliogunduliwa na selimundu tangu kuzaliwa. Karibu asilimia 94 ya wenye aina kali ya ugonjwa walifikisha miaka 18, jambo la kushukuru. Lakini vifo vingi vya miaka ya karibuni viliwapata waliokwisha kutimiza miaka 18, muda mfupi baada ya kuhamia kliniki za watu wazima. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba kuhama ndiko kunakoua, kwa kuwa mwili nao umebeba madhara ya miaka mingi. Hata hivyo sababu za kuhofia ziko wazi. Mama aliyekumbuka dawa kila usiku sasa anabaki nyumbani, na faili huenda lisimfuate mgonjwa. Kijana mwenyewe mara nyingi amechelewa kubalehe, anaonekana mdogo kuliko wenzake darasani, na ana mambo asiyoweza kuyasema mbele ya wazazi. Mvulana anaweza kupata msimamo wa uume wenye maumivu. Ukizidi saa nne unaweza kumletea madhara ya kudumu, lakini aibu humfunga mdomo hadi kuchelewa. Msichana anahitaji kuelezwa mapema kuhusu mimba, na kwamba mpango wa kutumia haidroksiyurea uzungumzwe na daktari kabla hajashika ujauzito.

Wapo watakaosema kwamba nchi isiyowapima watoto wachanga wote haina haki ya kuwaza vijana. Nauheshimu wasiwasi huo, kwa kuwa upimaji wa wachanga ni deni kubwa tusilolilipa. Lakini makabidhiano mema hayanyang'anyi fedha za upimaji. Yanahitaji siku moja ya kliniki ambayo daktari wa watoto na wa watu wazima hukaa chumba kimoja, muhtasari wa ugonjwa ulioandikwa vizuri, muuguzi wa kupiga simu kwa aliyekosa miadi, na dakika chache za kijana kuzungumza bila mzazi. Kumpoteza kijana wa miaka 19 ni kuitupa kazi ya miaka 19.

Basi wewe mzazi mwenye mtoto wa miaka 12 au 13, usingoje barua ya rufaa. Kliniki ijayo, muulize daktari wake: tukiondoka hapa, nani atampokea mwanangu, na lini tutaonana naye?