Je, Wajua? Kabla ya Kumwinda Nguruwe Mwitu Texas

Nguruwe mwitu si mwenyeji wa Marekani. Mhispania Hernando de Soto alishusha nguruwe Florida mwaka 1539, na wengine walitoroka mazizini baadaye.

Tangu 2019, Texas haidai leseni ya kumwinda kwenye shamba la mtu binafsi, mradi mwenye shamba ameridhia.

Macho ya nguruwe mwitu ni hafifu, pua ni kali. Kwa hiyo mwindaji humnyemelea upepo ukimpiga yeye mwindaji usoni.

Dume aliyekomaa ana ngozi nene mabegani kama ngao, na moyo wake uko chini kifuani, usawa wa mguu wa mbele.

Wakati wa kuchuna, vaa glavu: damu yake huweza kuambukiza ugonjwa wa brusela. Nyama iive hadi nyuzijoto 71 za Selsiasi.