Mawimbi ya Rada na Mlango wa Chembe Hai

Askari ahudumiaye rada anafahamu kwamba mawimbi ya maikrowevu yaweza kumuunguza mtu asimamaye mbele ya mtambo. Huenda basi akastaajabu kusikia kwamba mawimbi ya ukoo huo huo hufungua chembe hai bila ya kuiua.

Kila chembe imezungukwa na utando wa mafuta, mlinzi mkali asiyeruhusu molekuli kubwa kupita. Mwaka 1982, katika Ujerumani Magharibi, Eberhard Neumann na wenzake waliutoboa utando huo kwa mishtuko ya umeme, wakaingiza DNA katika chembe za panya. Njia hiyo yatumika hadi leo, ila mshtuko ukizidi chembe hufa.

Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Australia, waliwapitishia bakteria mawimbi yenye mitetemo bilioni 18 kwa sekunde, joto likizuiwa lisipite nyuzi 40. Molekuli kubwa za dekstrani zikaingia. Baada ya dakika chache utando ukajifunga, na wengi wa bakteria hao wakaishi. Wengine waliopashwa moto wa kawaida, kwa kiwango hicho hicho, hawakufunguka. Hilo ndilo jambo zito: si joto peke yake lililofungua mlango.

Kazi hiyo ni ya maabara bado. Nguvu ya rada ni jambo jingine kabisa, na amri ya kutosimama mbele yake iko pale pale.