Kula na Kufanya Kazi Baada ya Kutolewa Mfuko wa Nyongo



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi: mtu aliyepasuliwa na kutolewa mfuko wa nyongo ale nini, na kazi ataifanyaje? Wengine wameambiwa na majirani kwamba hawatagusa mafuta tena mpaka kufa. Wengine wamesikia kwamba mtu wa namna hiyo lazima akonde, na wengine kwamba lazima anenepe. Maneno hayo huwatia watu hofu. Wako wanaovumilia maumivu kwa miaka wakikataa kupasuliwa, na wako waliopasuliwa ambao hujinyima chakula mpaka wakakosa nguvu za kufanya kazi. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe hatua kwa hatua.

Kazi ya nyongo

Kwanza ieleweke kwamba nyongo haitengenezwi na mfuko wa nyongo. Inatengenezwa na ini, mchana na usiku, kiasi cha nusu lita mpaka lita moja kwa siku. Kazi yake ni kuvunja mafuta ya chakula yawe matone madogo madogo ili yaweze kusagwa tumboni, kama sabuni inavyovunja mafuta yaliyoganda kwenye sufuria.

Tukisema kwa lugha ya kazini, ini ndilo kiwanda, na mfuko wa nyongo ni ghala. Ghala hilo ni dogo. Liko chini ya ini, upande wa kulia, na linabeba mililita 30 hadi 50 tu. Mtu akila chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua na kumwaga nyongo nzito katika utumbo mwembamba kwa mara moja.

Wakati mwingine vijiwe huota ndani ya mfuko huo. Kijiwe kikiziba njia, mtu hupata maumivu makali chini ya mbavu za kulia au katikati ya tumbo la juu, hasa baada ya kula, na mara nyingi hutapika. Vijiwe vikimsumbua mtu hivyo, dawa ya kawaida ni kuutoa mfuko wenyewe. Upasuaji huu si mambo mapya. Carl Langenbuch aliufanya kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882. Mwaka 1985 Erich Mühe, naye wa Ujerumani, alianza kuutoa mfuko kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo badala ya kupasua tumbo kwa mkato mrefu. Leo hapa Rwanda njia zote mbili hutumika.

Baada ya upasuaji, ghala limeondoka lakini kiwanda kipo na kinaendelea na kazi. Nyongo sasa haisubiri chakula. Hutiririka kidogo kidogo moja kwa moja mpaka kwenye utumbo. Ndiyo sababu mafuta kidogo hayamsumbui mtu, lakini mafuta mengi kwa mara moja humletea tabu: nyongo ya kuyatosha haipo kwa saa ile. Yote yanayofuata yanatokana na jambo hili moja.

Chakula

Katika wiki za mwanzo, kula kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, badala ya sahani moja kubwa ya usiku. Uji, wali, viazi vya kuchemsha, ndizi za kupika, samaki wa kuchemsha, yai la kuchemsha na mboga zilizoiva vizuri ni vyakula vyema vya kuanzia.

Epuka kwanza viazi vya kukaanga, nyama ya nguruwe yenye mafuta, brosheti za mafuta, na sombe iliyojaa mawese. Pilipili ya mafuta kama Akabanga nayo ingoje. Pombe na kahawa kali huweza kuchokoza tumbo, basi usiziharakishe.

Maharage tusiyakatae, maana ndiyo nyama ya mfanyakazi. Lakini huleta gesi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yapike mpaka yalainike, uanze na vijiko vichache tu. Tumbo likikubali, ongeza kila siku chache.

Wala usiache mafuta kabisa. Mwili unayahitaji ili upate vitamini A, D, E na K. Kijiko kimoja cha mafuta katika chakula cha mtu mmoja si kosa. Watu wengi, baada ya wiki chache au miezi michache, hurudi kula chakula cha nyumbani kama wenzao.

Kuharisha

Baadhi ya watu huharisha baada ya upasuaji, kwa sababu nyongo inayotiririka bila kupumzika hufika utumbo mpana na kuuchokoza. Kwa wengi jambo hili hupungua lenyewe. Mtu akiharisha, anywe maji mengi. Anaweza kutengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kuharisha kukiendelea kwa wiki kadhaa, usione haya kumweleza daktari. Iko dawa iitwayo kolestiramini, inayoishika nyongo ndani ya utumbo isiuchokoze. Daktari ndiye wa kuitoa.

Uzito

Mtu hupungua kidogo mwanzoni kwa sababu anakula kidogo, na pengine alikuwa ameogopa kula hata kabla ya upasuaji. Hilo si ajabu. Baadaye wengine huongezeka. Maumivu yameisha, hamu ya chakula imerudi, nao hulipiza siku walizojinyima. Kutolewa mfuko peke yake hakumnenepeshi mtu wala hakumkondeshi. Chakula na kazi ndivyo vinavyoamua.

Njia nzuri ni kujipima kwenye kituo cha afya mara moja kwa mwezi, kwa mizani ileile, na kuandika. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 au zaidi ndani ya miezi 6 bila kukusudia, aende kwa daktari. Anayetaka kupunguza uzito apunguze polepole, kwa kuacha soda na vya kukaanga, wala si kwa kushinda na njaa.

Kazini

Hapa ndipo shida ya kweli ilipo. Daktari anasema, "Kula kidogo kidogo mara nyingi." Lakini wengi wetu tunatoka nyumbani alfajiri na kikombe cha chai ya rangi, tunashinda kwenye mashine au kwenye mashamba ya chai, na mlo mkubwa wa siku ni wa usiku. Mlo huo mmoja, mzito na wa mafuta, ndio hasa unaomwumiza mtu asiye na mfuko wa nyongo. Hapo ushauri wa daktari hauwezi kufuatwa bila saa ya kazi kuuruhusu.

Mwenzetu mmoja wa kiwanda fulani alirudi kazini, akawa anaomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu kwa zamu. Msimamizi akamwandikia uzembe. Akaacha kula mchana ili asiharishe, mwishowe akaanguka kwa udhaifu karibu na mashine. Hakuwa mzembe. Alikuwa mgonjwa asiye na karatasi mkononi.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kutoka hospitali, mwombe daktari aandike mambo matatu: siku za mapumziko, uzito usioruhusiwa kuinua na kwa muda gani, na haja ya kula na kwenda chooni wakati wa kazi. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo mara nyingi huweza kurudi kwenye kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Aliyepasuliwa kwa mkato mrefu huhitaji wiki sita hivi, pengine zaidi, kabla ya kuinua vitu vizito. Kubeba gunia la kahawa la kilo 60 mapema ni kujitafutia ngiri.

Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, iliyorekebishwa mwaka 2023, inatambua likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari. Toa nakala ya cheti, ubaki na yako, na umwonyeshe mwakilishi wa wafanyakazi. Yeye ndiye wa kumwendea mwajiri kuomba kazi nyepesi, nafasi iliyo karibu na choo, na dakika chache za kula kati ya zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mtu kuanguka kazini.

Dalili za hatari

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya: macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai kavu, choo kikubwa cheupe kama udongo, homa na baridi, maumivu makali ya tumbo, au kidonda kutoa usaha. Huenda kijiwe kimebaki kwenye mrija wa nyongo, au njia ya nyongo imeumia. Mambo hayo hayangoji mwisho wa mwezi wala siku ya mshahara.

Wawakilishi wa matawi, someni makala hii kwa sauti katika mkutano ujao. Kisha ulizeni kama yuko mwenzetu aliyepasuliwa anayefanya kazi bila cheti. Akiwapo, msindikizeni akakitafute wiki hiyohiyo.