Stelingi Nyepesi Ina Bei Yake

Anayenunua lori la mtumba hukagua injini, tairi na karatasi. Stelingi huijaribu dakika mbili, anapolitoa yadi. Dereva atakayeishika kutwa nzima hayupo bei inapopatanwa, ilhali mabega yatakayochoka ni yake.

Malori ya zamani yasiyo na pawa ya stelingi yanavutia kwa bei: hayana pampu, mipira wala oili ya kuvuja. Ila wepesi wa stelingi yake unategemea sana usukani na boksi ya stelingi. Ukitoa usukani wa sentimita 55 ukafunga wa 45 kwa ajili ya urembo, mikono italazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, karibu asilimia 22. Boksi nayo ina hesabu yake. Tairi za mbele zikigeuka nyuzi 80 kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, boksi ya 20 kwa 1 inataka karibu mizunguko minne na nusu ya usukani, ya 30 kwa 1 inakaribia saba. Hiyo ya pili ni nyepesi, lakini panda nayo mlima Kitonga ukiwa na mzigo: hujamaliza kuzungusha, kona nyingine imefika.

Pawa ya oili inakupa wepesi bila mizunguko mingi. Pampu huzungushwa na injini hata barabara iliponyooka, kwa hiyo inakula mafuta kidogo, na mpira ukipasuka njiani usukani unakuwa mzito mno. Hata hivyo, kwa lori la mizigo mimi ningelipia pawa bila kusita.

Mwaka 2013 Volvo walileta mfumo unaofunga mota ya umeme juu ya boksi ya oili, ili mishtuko ya mashimo isifike mikononi. Ni raha kubwa, lakini ukikuta mtumba wa namna hiyo, hakikisha kwanza kuna fundi wa umeme wa malori unayeweza kumfikia.

Stelingi ikiwa nzito, usikimbilie pampu. Pima upepo wa tairi, kisha piga grisi kingpini. Zikikauka hukaza hata pawa mpya. Ukienda kununua, washa injini, kata kona pande zote bila kung'ang'ania mwisho, sikiliza kama pampu inalia. Barabarani, ukitoka kwenye kona legeza mikono: usukani usiporudi wenyewe, shusha bei. Na hayo yote ayafanye dereva wako, wewe ukae kiti cha utingo.