Kinga nayo inaomba njia

Hapa Ngezi, kinga ni ya kazi. Inabeba ndizi, unga na madumu ya mafuta mpaka njia ya machimo ya Mongbwalu. Motokari ikitokea, mwenye kinga anatupwa kwenye majani, macho yamejaa vumbi.

Kule Ufaransa, katika inchi ya divai ya Bourgogne, kuko mufereji wa mashua wa kilometa 242, ulifunguliwa mwaka 1832. Farasi walikuwa wanavuta mashua wakipita pembeni. Kazi ile ilipoisha, njia ya farasi wakaachia kinga. Leo watu wanatembea pale polepole, bila motokari.

Wale wanapanda kinga kwa kupumzika. Sisi, ili watoto wakule. Barabara yetu ikitengenezwa, tuombe hata metre moja ya pembeni.